"Be My Baby" ya The Ronettes: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wimbo huu ulitoka Marekani mwaka 1963 na mpaka leo wanamuziki wanaufungua vipande vipande kama fundi anayetaka kujua saa inavyotembea. Hapa tumekusanya maswali ya wasikilizaji, ya waimbaji wa bendi na ya vijana wanaorekodi nyumbani. Majibu ya dramu, ya ule mwangwi na ya mkataba ni marefu kuliko mengine, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea.

Wimbo huu ni wa nani hasa?

Watunzi walioandikishwa ni watatu: Jeff Barry, Ellie Greenwich na Phil Spector. Barry na Greenwich walikuwa mke na mume, nao walikuwa wakiandika nyimbo za vijana pale New York, katika mtaa wa Broadway ambako watunzi walikaa kwenye vyumba vidogo, kila chumba na piano yake. Spector ndiye aliyekuwa prodyuza na mwenye lebo ya Philles iliyoutoa.

Lakini ukitaka kumjua aliyefanya wimbo usikike hivi, orodha ni ndefu zaidi. Jack Nitzsche alipanga ala. Larry Levine alikaa kwenye mitambo. Hal Blaine alipiga dramu. Juu ya wote kuna sauti ya Veronica Bennett, aliyejulikana kama Ronnie. Alikuwa na umri wa miaka 19 wakati wa kurekodi, na alitimiza 20 Agosti hiyo hiyo santuri ilipotoka.

The Ronettes walikuwa akina nani?

Ronnie, dada yake mkubwa Estelle Bennett, na Nedra Talley. Wamarekani humtaja Nedra kama binamu. Mama zao walikuwa ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo kwetu wangeitana dada tu. Wote watatu walikulia New York katika familia yenye damu iliyochanganyika: upande wa mama kulikuwa na Weusi na Wacherokee (wenyeji asilia wa Amerika), baba yao akina Bennett alikuwa Mzungu mwenye asili ya Ireland, na baba yake Nedra alikuwa wa Puerto Rico.

Hawakuanzia kwa Spector. Walikuwa wameshapanda jukwaani kwenye ukumbi wa Apollo, Harlem, wameshacheza na kuimba kwenye klabu ya Peppermint Lounge, na wameshatoa santuri kwa lebo ya Colpix ambazo hazikufika popote. Waliingia Philles mwaka 1963 wakiwa tayari na mtindo wao: nywele zilizopandishwa juu kama mzinga wa nyuki, wanja mzito uliovutwa mpaka pembeni mwa jicho, na sketi za kubana. Mtindo huo ulikuwa wao wenyewe. Hakuna kampuni iliyowavisha.

Wote watatu wanasikika kwenye santuri?

Hapana, na hili huwashangaza wengi. Katika The Ronettes, anayesikika ni Ronnie peke yake. Alisafiri kwenda California kurekodi bila wenzake. Sauti za kuitikia zilijazwa na waimbaji wa studio na marafiki wa Spector. Miongoni mwao walikuwamo Darlene Love, Ellie Greenwich mwenyewe, Sonny Bono aliyekuwa akimfanyia Spector kazi, na msichana wa miaka 17 aliyekuja na Bono, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Cher.

Usidhani basi kwamba Estelle na Nedra hawakuwa waimbaji. Jukwaani waliimba wote watatu, na sauti hizo tatu ndizo zilizowajaza watu kwenye kumbi. Prodyuza alitaka sauti nyingi zaidi ya tatu na alitaka kuzipata haraka, na alikuwa na watu wake karibu.

Ulirekodiwa wapi na lini?

Studio ya Gold Star, Hollywood, Julai 1963. Studio hiyo ilianzishwa mwaka 1950 na Dave Gold na Stan Ross. Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo na dari yake haikuwa juu, lakini Gold alikuwa amejenga vyumba vya mwangwi ambavyo havikuwa na mfano. Gold Star ilifungwa mwaka 1984 na jengo likaungua muda mfupi baadaye, kwa hiyo leo hakuna mtu anayeweza kwenda pale na kuupata ule mwangwi tena.

Ronnie alisimulia kwamba alikuwa akifanyia mazoezi kwenye choo cha wanawake cha studio, kwa kuwa kuta zake zilirudisha sauti vizuri. Hapo ndipo alipozifanyia kazi zile "oh-oh-oh" zinazosikika mwishoni. Aliyewahi kuimba bafuni anamwelewa.

Kwa nini dramu ya mwanzo inasifiwa hivyo? Si mapigo manne tu?

Ni manne tu, na hiyo ndiyo kazi yake. Hesabu kipimo kimoja hivi: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Ngoma kubwa ya mguu inapigwa kwenye "moja", kwenye "na" inayofuata "mbili", kisha kwenye "tatu". Snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, inapigwa kwenye "nne". Kwa mdomo: *du… du-du, ta.* Mwendo ni kama mapigo 130 kwa dakika.

Sasa sikiliza kilichokosekana. Nyimbo nyingi za dansi za wakati ule zilipiga snea mara mbili katika kila kipimo, kwenye mbili na kwenye nne. Hapa ya mbili imeachwa. Sikio linaingojea, haiji, halafu ya nne inashuka kama mlango unaofungwa kwa nguvu. Tupu hiyo ndiyo inayomvuta msikilizaji ndani kabla hata sauti ya binadamu haijaingia. Blaine mwenyewe alisimulia kwamba lilianza kama kosa: pigo la pili lilimponyoka, na kwa kuwa kosa lilisikika vizuri akaendelea nalo. Alifariki mwaka 2019 akiwa amepiga kwenye maelfu ya rekodi, na bado watu wanamtambulisha kwa kipimo hiki kimoja.

Wapiga dramu wanaouiga hufanya makosa matatu. La kwanza ni kujaza ile nafasi ya mbili kwa pigo dogo, kwa sababu mkono umezoea. Iache tupu. La pili ni kuharakisha pigo la mguu lililo baada ya mbili, ikawa kama kwikwi. Fanya mazoezi ya polepole, mapigo 90 kwa dakika, ukitamka hesabu kwa sauti, kisha panda 10 kwa 10 mpaka 130. La tatu ni kupiga snea kavu. Ile ya kwenye santuri imelowa mwangwi mpaka inasikika kama imepigwa kwenye ukumbi mtupu. Kama huna mtambo wa mwangwi, legeza ngozi kidogo na upige katikati kabisa.

Mpigo huo unarudi peke yake karibu na mwisho, ala zote zinaponyamaza kwa vipimo viwili. Bendi nyingi huiharibu nafasi hiyo kwa gitaa lililosahau kuzima nyuzi. Mpiga gitaa aweke kiganja juu ya nyuzi mapema.

Kodi zake za gitaa ni zipi?

Ufunguo wa E. Ubeti una vipimo 16:

E (vipimo 2), F#m (1), B7 (1), kisha rudia hizo mara moja. Halafu G#7 (2), C#7 (2), F#7 (2), B7 (2).

Kiitikio kina vipimo 8: E (2), C#m (2), A (2), B7 (2).

Kiitikio kinatumia mzunguko uliokuwa umezoeleka kuliko yote katika nyimbo za mapenzi za miaka ile, na huwezi kupotea humo. Utamu uko kwenye nusu ya pili ya ubeti. Kuanzia G#7, kila kodi inaisukuma inayofuata, kama mtu anayepanda ngazi nne akijua mpenzi wake amesimama juu. Maneno nayo yanapanda pamoja: msichana anaanza kwa kukiri kwamba alimpenda mtu siku ya kwanza, kisha anaomba, kisha anaahidi. Ukifika B7 huwezi kusimama, lazima uangukie kwenye kiitikio. Asiyeipiga G#7 kama kodi ya saba, akaweka G#m kwa kuwa imezoeleka kwenye ufunguo wa E, anaivunja ngazi hiyo kwenye kipandio cha kwanza.

E ikiwa juu mno kwa mwimbaji wako, shuka hadi D: D, Em, A7, kisha F#7, B7, E7, A7, na kiitikio D, Bm, G, A7. Kwa sauti nzito zaidi nenda C: C, Dm, G7, kisha E7, A7, D7, G7, na kiitikio C, Am, F, G7. Chagua ufunguo kwa kuimba kiitikio kwanza, si ubeti. Kiitikio ndicho kinachochosha koo, nacho kinarudi mara nyingi.

Muundo wake umekaaje?

Dramu, ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, kiitikio, fidla zinachukua nafasi ya sauti kwa vipimo 8, kiitikio, dramu peke yake, kisha kiitikio kinachorudiwa huku sauti ikififia. Yote hayo ndani ya dakika 2 na sekunde 40 hivi. Hakuna ubeti wa tatu, na hauhitajiki.

"Ukuta wa sauti" ni nini?

Ni jina la namna Spector alivyorekodi. Watu wengi hudhani ni mwangwi tu. Mwangwi ni nusu ya habari.

Nusu ya kwanza ni wingi wa watu. Badala ya gitaa moja aliweka magitaa kadhaa yakipiga kitu kile kile, na piano zaidi ya moja zikipiga kodi zile zile, na besi ya umeme pamoja na besi kubwa ya kusimama. Juu yake zikaja saksofoni, kastaneti, vitikisio na makofi. Wote wamebanana kwenye chumba kimoja, na sauti ya kila mmoja inaingia kwenye maikrofoni ya jirani. Matokeo yake sikio halisikii tena "gitaa" wala "piano". Linasikia ala moja kubwa isiyo na jina.

Spector alikuwa akianza na magitaa, akiwarudisha mara kwa mara, kisha anaongeza piano, kisha wengine, na dramu huja mwishoni kabisa. Saa zilipita. Wapigaji walichoka, na uchovu huo ulimfaa: mtu aliyechoka haongezi mbwembwe zake, anapiga anachoambiwa, na sauti zinaungana. Wapigaji hao wa studio walikuja kuitwa Wrecking Crew.

Nusu ya pili ndiyo mwangwi. Sauti ya chumbani ilipelekwa kwenye kispika kilichowekwa ndani ya chumba kitupu chenye kuta ngumu za saruji, ikagonga kuta, ikanaswa na maikrofoni nyingine, ikarudishwa kuchanganywa na ile ya kwanza. Mwangwi huo ulirekodiwa palepale pamoja na muziki. Haukuongezwa baadaye kama tunavyofanya leo. Sauti ya Ronnie na fidla ziliwekwa juu ya msingi huo ulipokwisha kukamilika.

Naweza kuupata ukuta huo kwenye studio ya nyumbani?

Unaweza kuukaribia. Usinunue kitu kwanza, panga kazi.

Rekodi kodi za gitaa la kawaida mara 3, kila mara ukiwa umekaa sehemu tofauti ya chumba, maikrofoni ikiwa mita moja na nusu au mbili kutoka kwako. Usinakili moja mara tatu kwenye kompyuta. Nakala haina tofauti ndogo za mkono, na bila tofauti hizo unapata kelele iliyoongezeka tu. Kisha piano au kinanda mara 2, ya pili ikiwa oktava moja juu. Besi mara 1. Kwa vitikisio, kayamba linafaa kabisa, likipigwa mfululizo bila kupumzika. Makofi yapigwe na watu 4 au 5 kwa pamoja, si mtu mmoja mara tano.

Sasa mwangwi. Zipeleke zote isipokuwa besi kwenye mwangwi mmoja wa pamoja, usiipe kila ala wake. Kwenye mwangwi huo kata masafa yote yaliyo chini ya Hz 250 hivi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: mwangwi wa sauti nzito hujaa kama matope na dramu inazama. Acha mwangwi udumu pungufu kidogo ya sekunde 2. Ukizidi hapo, kwa mwendo huu wa mapigo 130, mwangwi wa snea moja utakuwa bado unaning'inia wakati inayofuata inapigwa.

Mwisho unganisha kila kitu kwenye chaneli moja, mono, na usikilize kwenye simu. Ukuta wa Spector ulijengwa kwa ajili ya redio za gari na redio ndogo za mkononi. Kazi yako ikisikika vizuri kwenye kispika kimoja kidogo, umefika. Ikiwa mwimbaji hasikiki, usimpandishe. Shusha piano. Sauti ya Ronnie inapenya kwa sababu ina mtikisiko mpana na ukali kidogo puani, na ala zilizo chini yake zinakaa kwenye kodi bila kupiga melodi ya kushindana naye.

Nisikilize toleo lipi?

Mono. Ndivyo Spector alivyouchanganya, na mwaka 1991 alipokusanya kazi zake kwenye seti moja aliipa jina la kudai mono irudi: *Back to Mono*. Matoleo ya stirio yanautawanya ukuta na kuonyesha matofali.

Ulifanikiwa kiasi gani?

Ulitoka Agosti 1963, na Oktoba ulifika nafasi ya 2 kwenye chati ya Billboard Hot 100. Uingereza ulifika nafasi ya 4. Januari 1964 The Ronettes walizunguka Uingereza, na waliokuwa wakishirikiana nao jukwaani kwenye ziara hiyo ni vijana walioitwa The Rolling Stones.

Kwa nini haukushika namba 1?

Ulizuiwa na "Sugar Shack" ya Jimmy Gilmer and the Fireballs, iliyokaa kileleni majuma matano kuanzia Oktoba 12. Ni wimbo mchangamfu, watu waliupenda kwa haki. Ila ukiuliza leo ni upi kati ya hizo mbili uliobadilisha namna ya kurekodi muziki, hakuna ubishi.

Walipata mafanikio mengine baada ya hapo?

Hawakurudi tena kwenye kumi bora wakiwa kundi. "Baby, I Love You" ilifika nafasi ya 24, na "Walking in the Rain" ya 1964 ikafika nafasi ya 23. Nyimbo zote mbili ni nzuri mno, hasa hiyo ya pili yenye ngurumo ya radi. Waliimba pia kwenye albamu ya Krismasi ya Spector iliyotoka Novemba 22, 1963, siku ile ile Rais Kennedy alipouawa, na nchi iliyokuwa msibani haikuwa na moyo wa kuinunua. Albamu yao wenyewe ilitoka mwaka 1964. Kundi lilivunjika 1967.

Ulimgusa nani?

Mfano unaojulikana zaidi ni Brian Wilson wa The Beach Boys. Aliusikia mara ya kwanza redioni akiwa anaendesha gari, ikambidi asimame pembeni ya barabara. Akaurudia kuusikiliza kwa miaka, na "Don't Worry Baby" ya 1964 aliitunga kama jibu lake. Sikiliza hizo mbili mfululizo utasikia dramu ya moja ikisalimiana na ya nyingine.

Mapigo yale manne yameendelea kuazimwa: kundi la The Jesus and Mary Chain la Scotland lilifungua nayo "Just Like Honey" mwaka 1985. Sinema nazo ziliuchukua wimbo mzima. Martin Scorsese aliuweka mwanzoni mwa *Mean Streets* mwaka 1973, na *Dirty Dancing* ya 1987 inafunguka nao. Mwaka 1986 Eddie Money alimwita Ronnie mwenyewe aje aimbe kipande cha kiitikio ndani ya "Take Me Home Tonight", na wimbo huo ukafika nafasi ya 4 Marekani. Andy Kim aliurekodi upya 1970, na Linda Ronstadt akaugeuza kuwa wimbo wa kubembelezea mtoto mwaka 1996, polepole, bila ukuta. Huo ni ushahidi mzuri kwamba melodi yenyewe inasimama hata ukiivua nguo zote.

Santuri iliingizwa kwenye Grammy Hall of Fame mwaka 1999, na Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kwenye hazina yake ya rekodi za taifa kwa mwaka 2006. Kundi liliingia Rock and Roll Hall of Fame 2007.

Waimbaji walilipwaje?

Vibaya, na hili linauma. Mkataba wa 1963 uliwapa malipo ya awali ya takriban dola 15,000 kwa pamoja, na baada ya hapo hawakupata mirabaha. Ronnie aliolewa na Spector 1968, akaondoka kwenye ndoa hiyo ya mateso na talaka ikatoka 1974. Mwaka 1987 wanakikundi walimshtaki.

Kesi ilifika mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York, ikaamuliwa 2002. Hoja ilikuwa hii: wimbo ukitumiwa kwenye filamu au tangazo, waimbaji wanalipwa? Mkataba wao haukutaja kabisa matumizi ya namna hiyo. Wao walisema, kisichotajwa hatukukiuza. Mahakama ilisema kinyume: mkataba ulimpa prodyuza umiliki wote wa rekodi, na mwenye umiliki wote anaitumia apendavyo isipokuwa kama mwimbaji alijihifadhia haki fulani kwa maandishi. Mirabaha ya santuri zilizouzwa walistahili kulipwa. Fedha za filamu wakazikosa. Kumbuka *Dirty Dancing* ilikuwa imeshatazamwa duniani kote.

Msanii anayekaa mezani na mkataba leo atafute vifungu vitatu kabla ya kushika kalamu: nani anamiliki rekodi yenyewe, filamu na matangazo yanagawanywaje, na teknolojia ambayo bado haijavumbuliwa inahesabiwaje. Kifungu kikikosekana, usifarijike kwa ukimya wake. Omba kiandikwe.

Spector alihukumiwa mwaka 2009 kwa kumuua mwigizaji Lana Clarkson, akafia kifungoni Januari 2021. Estelle alifariki 2009 na Ronnie Januari 2022.

Naweza kuutafsiri kwa Kiswahili?

Kwa mazoezi ya nyumbani, ndiyo. Kuurekodi au kuuchapisha kwa lugha nyingine kunahitaji ruhusa ya wenye haki ya utunzi, kwa sababu tafsiri ni kazi mpya juu ya kazi ya mtu.

Anayejaribu asianze na neno "mtoto". "Baby" hapa ni mpenzi. "Uwe mpenzi wangu" ni sahihi kwa maana lakini haliimbiki: lina silabi saba, na jina la wimbo lina nne, zenye mkazo kwenye ya kwanza na ya tatu. Jaribu "uwe wangu": u-we-wa-ngu. Ni silabi nne, na kwa kuwa Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, mkazo unaangukia *u* na *wa*, palepale panapotakiwa. Mstari unaofuata una silabi sita, nao unakubali "uwe wangu nyonda", kwa neno tamu la mwambao. Ukilazimisha mkazo mahali pasipo pake, msikilizaji atasikia kitu kimepinda hata asipojua ni nini.

Bendi yetu inapiga hotelini. Tunahitaji ruhusa?

Kupiga hadharani kunahitaji leseni, na kwa kawaida mwenye ukumbi ndiye anayeilipia. Waulize kwanza kama wanayo. Pa kuanzia ni ofisi ya hakimiliki: Tanzania ni COSOTA, Kenya ni KECOBO. Kuuweka mtandaoni ukiwa mmeurekodi ni haki nyingine. Msidhani leseni ya ukumbi inatosha.

Nitaitambuaje santuri ya kwanza?

Ya Marekani ni Philles namba 116. Upande wa pili una muziki mtupu usio na uimbaji, "Tedesco and Pitman", jina lililotoka kwa wapiga gitaa Tommy Tedesco na Bill Pitman. Spector alifanya hivyo makusudi: watangazaji wa redio walikuwa na tabia ya kugeuza santuri wakapiga upande wa pili, naye hakuwaachia cha kugeuzia. Uingereza ilitolewa na lebo ya London.

Kwenye santuri wimbo unafifia tu. Jukwaani tuumalizeje?

Msijaribu kufifia. Watu wanaanza kupiga makofi katikati na mwimbaji anabaki amening'inia. Baada ya dramu peke yake, imbeni kiitikio mara 3. Ya kwanza kwa nguvu zote. Ya pili waitikiaji wabaki na jina la wimbo, mwimbaji mkuu aachiwe zile "oh-oh-oh" azipeleke anakotaka. Ya tatu, mkifika B7, kila mtu asimame isipokuwa dramu: vipimo viwili vya *du… du-du, ta*, kama mlivyoanza. Kwenye snea ya pili, wote pamoja mpige E moja fupi kisha mzime.